Hadithi Iliyofungiwa Madirisha

Juzi pale stesheni ya Kitale, rafiki yangu, mtoto mmoja aliketi karibu nami akisoma silabi kitabuni: ba, be, bi. Alipochoka akanivuta shati. "Mzee, si unihadithie kitu?" Nikatazama juu. Jua lilikuwa utosini. Hofu ikanirudia, ileile ya zamani.

Kwetu Matulo hadithi zilikuwa za jioni. Nyanya alizisimulia tukipukuchua mahindi, moshi ukituwasha macho, na penye kiitikio tuliimba sote: "Fisi, fisi, fungua mlango!" Naye nyanya akajibu kwa sauti ya fisi: "Mikono imejaa nyama!" Lakini mchana hakuthubutu. "Ukihadithia jua likiwaka," alituonya, "ng'ombe atasahau njia ya nyumbani." Nasi tulikuwa na ng'ombe mmoja tu. Mama alikuwa mgonjwa, na mdogo wangu mchanga aliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo.

Basi kule shuleni mwalimu wetu akaja na mtindo wake. Kila mtoto asimulie hadithi ya kwao, yeye aandike kiitikio ubaoni, darasa lisome. Alisema herufi huingia kichwani upesi zikibebwa na wimbo unaoujua. Zamu yangu ilipofika nikakataa, nikaeleza kwa nini.

"Ati anaogopa ng'ombe!" akasema mwenzangu wa benchi. "Si umwambie azibe masikio, bana!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, kwani naye alizaliwa upande wetu uleule. Alitazama jua pale nje, kisha akafunga madirisha ya mbao, na koti lake akalitundika penye mwanya wa mlango.

"Haya," akasema. "Sasa ni usiku."

Je, ulikuwa usiku? Mpaka leo sijui. Nilisimulia, wenzangu wakaitikia gizani, na chaki ikasikika ikikwaruza ubao. Madirisha yalipofunguliwa, maneno yalikuwa yamepandana kama mbuzi wanaogombania mlango. Nikayasoma yote, mimi niliyekuwa nikishindwa na ba be bi. Au sikuyasoma? Labda nilikuwa nasikia tu sauti ya nyanya.

Nilikimbia hadi nyumbani. Ng'ombe alikuwa amesharudi, anamlamba ndama wake.

"Ni lile giza limewasaidia," akasema nyanya nilipomweleza.

Kesho yake mwalimu naye akasema, "Alimfuata ndama, mtoto wangu. Ni hivyo tu."

Nikawaamini wote wawili, na hapo ndipo nilipopotea.

Nimezunguka sana tangu siku hizo, nimesoma vibao vya miji mingi. Nyanya hayupo. Darasa lile sasa ni ghala la mahindi. Ng'ombe sina hata mmoja. Hata hivyo nilimwambia yule mtoto wa stesheni, "Ngoja kidogo, jua lishuke."

Akafunga kitabu, akangoja kwa adabu, miguu ikining'inia. Jua lilikuwa bado juu ya paa la stesheni garimoshi lilipopiga honi, na mama yake akamshika mkono. Alinipungia kutoka dirishani mpaka akatoweka. Mimi nikabaki pale benchini, fisi wangu mdomoni.