Kwa Sitara Mechi Haiuzwi

Marcelino alitoka nyumbani Jumamosi ile ameapa jambo moja moyoni: heri afungwe magoli hadi aaibike kuliko kuhurumiwa na mpinzani wake Taimur.

Msimlaumu. Tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto, dunia nzima ilikuwa imemgeukia kwa adabu, na hakuna kilichomuudhi kama adabu hiyo. Wasukuma mikokoteni wa Kariakoo, watu waliozoea kumkwangua visigino na kumtukana juu, siku hizi walisimama ili apite. Wateja wa duka lake la masufuria walikuja, wakauliza bei, wakaikubali hiyo hiyo ya kwanza. Mtu wa Kariakoo akikubali bei ya kwanza bila hata kuguna, ujue amekwisha kukuona maiti. Marcelino alikuwa akirudi nyumbani jioni biashara imekwenda vizuri na moyo umemchafuka.

"Baba Aaron, daktari alisema upumzike," mkewe Candida alimwambia mlangoni.

"Nimepumzika vya kutosha. Nikipumzika zaidi mtanizika."

Candida alimtazama mguu, akamtazama uso, akamfungulia mlango. Alijua anakoenda. Alijua pia kwamba miezi yote ile ya kukaa ndani, mumewe alikuwa akijifungia chumbani na padi kuukuu ya gemu isiyochomekwa popote, ameilaza juu ya mto mapajani, akikifundisha kidole gumba cha kushoto kusukuma kijiti. Juu. Chini. Pembeni. Mwanzoni kidole hakikusikia lolote. Baadaye kikaanza kutii, kwa kuchelewa na kwa kinyongo, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Marcelino alikuwa akijiambia, na siku nyingine aliamini.

Kwa Sitara palikuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya umeme, chini ya ghorofa moja kongwe la Mchafukoge, si mbali na Kariakoo. Sitara alikuwa mjane mwenye sauti ya kuamuru, na chumba kile alikifungua kwa ajili ya watu wazima tu, wafanyabiashara waliokulia gemu za kaseti, zile za kupuliza vumbi kwa mdomo ndipo zikubali kuwaka. Watoto walikuwa na vibanda vyao huko mitaani. Hapa wangekuta watu wenye vitambi wakizozana kuhusu gemu ya magari iliyotoka kabla wao hawajazaliwa, na kama mbio zake zilikuwa tamu kuliko za sasa. Zilikuwa tamu kuliko za sasa, mkitaka kujua.

Sheria zilikuwa mbili, na hazikuandikwa popote. Anayefungwa anapisha. Na mechi haiuzwi. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa nzito. Ridhiwani aliwahi kumwachia shemeji yake ashinde, kwa sababu walikuwa na jambo la posa nyumbani, na Sitara akamwambia asirudi. Hakurudi. Mpaka leo anacheza kwake na wanawe, na wanamfunga bila kumwachia.

Marcelino alipoingia, wote wakasimama. Hilo peke yake lilimpandisha hasira. Lucky, fundi wa simu na mtangazaji wa kujipachika wa kila mechi, akakimbia kumletea mto.

"Nani kaomba mto?"

"Samahani, kaka, nilidhani..."

"Lete." Maana kwa kweli aliuhitaji.

Ndipo sauti ikatoka mbele, karibu kabisa na runinga. "Mangi! Umekuja kufungwa?"

Taimur huyo. Mwuza majora ya vitambaa, Mwarabu wa mjini aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka hapo, na mpinzani wa Marcelino tangu wakiwa wanafunzi wa kaptula. Hakusimama. Hakumpa pole. Alimwita Mangi, jina lile lile la utani la siku zote, na Marcelino akafurahi.

"Nimekuja kukufundisha, Sheikh. Naona umeisogelea runinga, unataka kuingia humo ndani?"

"Nataka nikuone vizuri unavyolia," Taimur akasema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza.

Wakati Sitara anatafuta CD, mazungumzo yakaenda kule yanakoenda siku zote: ya kale na yajayo. Marcelino alikuwa mtu wa ya kale. Gemu za sasa, alisema, zinakudekeza. Unapiga pasi mbovu, mashine inakunyooshea, kisha unajiona mfalme. Ile ya zamani, ya pleisteshen ya pili, haimwonei mtu haya. Ukipiga ovyo, mpira unakwenda ovyo. Taimur ndiye aliyekuwa mtu wa yajayo. Kila habari ya gemu inayotengenezwa huko nje ilimfikia kwanza yeye, na alikuwa akiisimulia hadi mtu unaona mvua ya humo ikikulowesha. Lakini siku ile Lucky alipotaja kwamba ile kubwa, ile inayosubiriwa na dunia nzima, imeahirishwa tena, Taimur alikasirika kupita kiasi.

"Wanaahirisha! Kila mara wanaahirisha! Wanadhani sisi tutasubiri milele?"

"Sheikh, ni gemu tu," Sitara akamwambia.

Taimur alijipangusa macho kwa ncha ya kanzu, akaomba mechi ianze.

Wakachagua ile ya zamani. Wachezaji waliomo humo wengi wamestaafu na wengine wameota vitambi, lakini kwenye kioo bado wanakimbia. Marcelino akaweka padi juu ya mto. Jasho lilikwisha kumtoka kabla mpira haujaguswa. Macho ya watu hayakuwa kwenye runinga. Yalikuwa kwenye kile kidole gumba.

Kipindi cha kwanza, Taimur akilinda goli la kushoto, alicheza kama siku zote, yaani kishenzi. Alimnyang'anya Marcelino mipira, akamzungusha, akampachika goli moja la kichwa, akamcheka. Kidole cha Marcelino kilichelewa mara mbili tatu, na kila kikichelewa aliadhibiwa. Aliumia, na maumivu yale aliyapenda. Huyu hanihurumii, aliwaza. Mungu ambariki huyu mshenzi.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana pande. Sasa goli la Taimur lilikuwa kulia.

Marcelino akapeleka mpira pembeni, akamkuta beki wa Taimur amesimama. Amesimama tu. Akampita, akapiga, goli. Chumba kikalipuka. Lucky akatangaza hadi sauti ikakwama. Marcelino akacheka pia, lakini kicheko chake kilikuwa na wasiwasi ndani yake. Dakika chache za humo baadaye mpira ukafika pale pale, ukingoni mwa kioo, na beki yule yule akasimama, na ikawa goli la pili. Watu wakampigapiga mgongo. "Kaka umerudi!" La tatu lilipoingia kwa njia ile ile, Marcelino hakushangilia tena. Alikuwa ameganda. Miaka yote ile, Taimur hakuwahi kumwachia upande ule. Upande ule ulikuwa kama duka lake. Alikuwa akiufunga mwenyewe na kuondoka na ufunguo.

Kipenga kikalia. Tatu kwa moja.

Marcelino akaweka padi chini taratibu. "Umeuza."

"Nini?"

"Umeuza mechi, Taimur. Umenihurumia."

Kelele zikafa. Neno lile halikuwa la utani mle ndani, na kila mtu alijua lilikofika.

"Sijauza," Taimur akasema, bila kugeuka.

"Beki wako alisimama! Mara tatu! Mimi siyo mtoto wa kuachiwa pipi. Watu wote mjini wananibembeleza, nikasema basi, amebaki mmoja. Kumbe na wewe!" "Heri ungenitemea mate."

Sitara akasogea katikati. "Taimur, niangalie. Umeuza?"

"Nimesema sijauza."

"Basi eleza. Sote tumeona. Mtoto mdogo angezuia mipira ile."

Mtu asiye na hatia angebisha, angeapa, angetukana. Taimur alinyamaza, na kimya kile kikamhukumu.

"Sheria ni ile ile aliyowekewa Ridhiwani," Sitara akasema, na ilionekana ilimkera kuisema. "Toka, Sheikh. Na usirudi."

Taimur akainuka. Akalaza padi juu ya runinga, akanyoosha kanzu, akaelekea mlangoni. Upande wake wa kulia palikuwa na kreti la soda, jekundu, kubwa, chini ya taa. Alitembea akaliingia kwa goti, akaanguka nalo. Chupa zikavingirika chumba kizima. Alipoinuka alipapasa ukuta kwa mkono wa kulia, akautafuta mlango mahali ambapo mlango haukuwepo.

Hakuna aliyecheka. Lucky akainama kuokota chupa kisha akaziacha.

"Taimur," Marcelino akaita. "Vidole vyangu vingapi?" Alikuwa amenyoosha mkono wake mzima, pembeni, kulia kwa rafiki yake.

"Mkono gani?" Taimur akauliza.

Hapo Marcelino alitamani ardhi immeze.

Habari ikatoka, kipande kwa kipande, Taimur akiwa amekaa juu ya kreti lenyewe na kanzu imelowa soda. Presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha kazi. La kushoto linaliwa kutoka pembeni kuja katikati, na dawa ya matone inapunguza mwendo tu, kilichokwenda hakirudi. Nyumbani anajua mkewe Rasha peke yake. Mpira ukiwa katikati ya kioo anauona. Ukifika ukingoni kulia, unaingia gizani, naye anacheza kwa kukumbuka: kupiga anaweza, kuzuia hawezi.

"Mficha maradhi kilio humfichua," Sitara akasema, lakini kwa upole, na akageukia ukutani kidogo.

"Mbona hukuniambia mimi?" Marcelino akauliza.

"Nikuambie nini? Wewe si ndiye uliyenililia kwenye simu kwamba wateja wanakubali bei ya kwanza? Nikasikiliza, nikasema moyoni, loo! Na mimi nitembee mjini watu wananishika mkono kunivusha barabara?" Akapumua. "Nilitaka niione ile gemu mpya kwanza. Ile kubwa. Nikishaiona, nitawaambia. Sasa nao wanaahirisha."

Marcelino alikaa na ushindi wake mapajani. Ulikuwa ushindi wa kweli. Hakuachiwa hata pasi moja. Aliupata kwa kidole kile alichokisumbua miezi yote. Na angeutoa wote, angekubali kuhurumiwa na mji mzima mpaka afe, kama ingewezekana Taimur awe ameuza tu.

"Tuache kwa leo, Sheikh. Tunywe soda," akasema.

Taimur akainua uso. "Unaona? Umeshaanza."

"Sijaanza chochote."

"Umeanza. Nimekusikia sauti. Sitara, nimeuza au sijauza?"

"Hujauza," Sitara akasema. "Nisamehe."

"Basi nina haki ya marudiano. Lete padi. Na wewe, Mangi, sikiliza. Ukiniachia hata mpira mmoja nitajua, na hapa sitakanyaga tena maisha yangu."

Wakakaa. Hakuna aliyetangaza safari hii. Lucky alikuwa amekalia mikono yake. Kilichosikika ni vitufe tu, na mtangazaji wa humo ndani ya gemu aliyepandisha sauti kila mpira ulipokaribia goli. Marcelino akagundua kwamba Taimur anamfuata yule mtangazaji kwa masikio. Kipindi cha kwanza wakatoka sare, moja kwa moja, na goli la Taimur lilikuwa zuri mno, la kuzungusha mguu, ambalo siku nyingine lingezua ugomvi wa wiki nzima.

Kipindi cha pili goli la Taimur likahamia kulia.

Marcelino alicheza katikati kwa muda mrefu, akirudisha mpira nyuma, akijidanganya kwamba anatafuta nafasi. Taimur alikuwa ameinama, kichwa kimegeuzwa, jicho la kushoto likitafuta. Dakika za humo zikayoyoma. Kisha pasi moja ikapenya, na mshambuliaji wa Marcelino akajikuta pembeni kulia, ukingoni kabisa mwa kioo, peke yake. Beki alisimama. Goli lilikuwa wazi.

Angeweza kuutoa nje. Nani angemshuku? Kidole kile kilikuwa kibovu, wote walijua ni kibovu. Angelaumu kidole, wangempa pole, na Taimur asingejua mpaka siku ya kiyama. Kidole gumba kilikuwa juu ya kijiti. Kikimngoja yeye.

Alimtazama rafiki yake. Taimur alikuwa ametulia kabisa, uso umeelekea mahali ambapo mpira ulikuwa umepotelea.

Marcelino akasukuma kijiti, akapiga.

Wavu ukatikisika. Mtangazaji wa humo akapiga kelele kwa lugha yake, lakini chumbani hakuna aliyeinua mkono wala sauti. Sitara alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Limeingia?" Taimur akauliza.

Marcelino alipangusa machozi kwa mkono wake mzima.

"Mangi. Nimekuuliza. Limeingia?"

"Limeingia."

Taimur akaguna. Akajivuta mbele kidogo kwenye kiti, akapangusa viganja kwenye kanzu yake iliyolowa, akaanzisha mpira.