Kibao cha Daktari wa Giaboksi

Pale sokoni Mutomo, mtu wa kumdharau fundi Muthama alikuwa mmoja tu: Musyimi, fundi wa ng'ambo ya barabara. Muthama ametibu malori ya mbuzi miaka thelathini, na kibao chake kimeandikwa DAKTARI WA GIABOKSI kwa rangi nyekundu, bila haya.

Asubuhi hiyo mpwa wake Ben aliingia na gari la mbio la viti viwili, fupi hata kuku angeliruka.

"Mjomba, nimetoka tu kwako kusalimia, na sasa gia zinakataa!"

Musyimi akavuka barabara mbio. "Hilo si lori, mzee. Likikushinda, kibao kishuke!"

"Likinishinda, panda ukishushe mwenyewe!" Muthama akafoka mbele ya soko zima. Lakini tumbo lake lilikataa kuingia kwenye kile kigari. Ikabidi ashike gia kupitia dirisha la abiria, Ben akanyage klachi.

Injini ikizimwa, gia zinaingia vizuri kabisa. Ikiwashwa, krrrrr! Hapo Muthama akajua giaboksi ni nzima, klachi ndiyo haiachii. Akapima mafuta ya klachi, yamejaa. Akatambaa chini kutafuta yanapovuja, wapi!

"Kanyaga mpaka mwisho!"

"Nimefika mwisho, Mjomba!"

Musyimi tayari alikuwa ameazima ngazi.

Kwa hasira Muthama akamtoa Ben, akavua kiatu, akaingiza mguu mmoja na kukanyaga mwenyewe. Pedali ikakwama njiani. Akapapasa nyuma ya pedali. Aiya! Mfuko wa ndengu, kilo nne, umefungwa kwa fundo analolijua vizuri: la mkewe Kasyoki, ambaye kwake mgeni hatoki mikono mitupu hata dunia ipasuke.

Akausukumia ndani ya ovaroli upesi. Ben akajaribu tena, gia ikaingia. Soko likashangilia, Musyimi akavua kofia.

"Nimekubali, daktari. Umefanyaje?"

"Siri ya kazi," Muthama akasema, amejishika tumbo.

Mara Kasyoki akatokea na chupa ya uji. "Ben! Zile ndengu nilikuwekea hapo miguuni, vile gari lako halina buti, uliziona?"

Macho yote yakatua kwenye tumbo la Muthama, lililokuwa limeota kona. Fundo likalegea, ndengu moja ikadondoka. Halafu kumi.

Kibao hakikushuka, kwa sababu Musyimi alicheka hadi akashindwa kupanda ngazi. Lakini mpaka leo, gari lolote likiletwa pale, kabla halijaguswa mwenyewe huulizwa: "Ulipitia kwa Kasyoki?"