Ukuta wa Kartyayani

Katika jimbo letu la uchaguzi la Vellamkunnu, kampeni huanzia kwenye ukuta mmoja. Uko njia panda, mkabala na kibanda changu cha chai, na kila abiria anayekwenda mjini Kollam lazima ausome. Ndiyo maana, miezi kabla ya uchaguzi wa bunge la Kerala, huku kusini mwa India, vyama hukimbilia hapo na ndoo za chokaa, wapake na kuandika majina ya wagombea wao.

Mwenye ukuta ni Kartyayani, mjane anayebangua korosho kiwandani, vidole vyeusi kwa utomvu. Ukuta unazunguka kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Yeye mwenyewe anakaa juu kilimani, na kila jioni alikuwa akipanda na ndoo ya maji kichwani, maana bomba liliishia huku chini kwetu.

Mwaka mmoja Divakaran aligombea ubunge, akamtuma Sasi, mdogo wake Kartyayani na mwenyekiti wa tawi la chama, aombe ukuta.

"Chukueni," Kartyayani akasema. "Ila chini ya jina lake muandike: Maji ya bomba yatafika kilimani."

Sasi akacheka. "Hiyo tu, dada? Hata ahadi tano tutakuandikia."

"Moja inatosha. Nataka ya kutimizwa."

Divakaran akashinda kwa kura mia tatu na ushei, na za kilimani ndizo zilizomvusha. Tukapiga fataki, akapita amesimama juu ya gari na mashada shingoni, basi, hatukumwona tena. Mvua za mwezi wa sita hufuta rangi za kampeni, na wanasiasa wanazingojea mvua hizo kuliko wakulima.

Herufi zilipoanza kuchujuka, Kartyayani alishuka na kopo la rangi ya mafuta na brashi, akapita juu ya kila herufi. Mwaka wa pili akarudia. Nilimwona anapoteza rangi bure, na nikamwambia. Akachovya brashi tena. Mwaka wa tatu Sasi akaja na ndoo ya chokaa.

"Dada, uchaguzi ulishapita. Unanitia aibu chamani."

"Jina lake futa ukitaka. Hayo ya chini ni yangu."

"Mheshimiwa amekasirika."

"Mwambie aje anikasirikie jioni nikiwa na ndoo. Tutapanda wote."

Sasi aliondoka na chokaa yake.

Uchaguzi ulipowadia tena, Divakaran alikuja mwenyewe, viganja vimekutana kifuani. "Mama, nipe nafasi nijieleze."

"Nafasi ulipewa, muhula mzima wa bunge," Kartyayani akamwambia. "Hapa pamejaa."

Walipohesabu kura, kituo cha kilimani kilikuwa kimempa kura kumi na moja. Katika jimbo zima alishindwa kwa kura zisizofika mia mbili. Mwenye akili hakuhitaji kuelezwa alikoangukia.

Mshindi, Suseelan, alipita na shada lake na sinia la ladu, vile vitamu vya mviringo vya sherehe. "Mama, ukuta huu vijana wangu watakupakia upya," akasema kwa ukarimu.

Kartyayani alikuwa ameshalifuta jina la Divakaran. Ahadi ilibaki palepale. Akamkabidhi brashi. "Andika jina lako hapo juu. Kwa mkono wako, si wa fundi."

Watu wakatoa simu kupiga picha. Suseelan akatazama kulia, akatazama kushoto, njia ya kutokea haikuwepo. Akaandika, jasho likimtoka.

Bomba lilifika kilimani kabla ya mvua za mwaka wa pili. Siku maji yalipotoka, Kartyayani alilia mbele yetu bila kujificha, nami nikalia, sioni haya kusema. Kisha akashuka na chokaa, akaupaka ukuta wote ukawa mweupe. Nikajua amemaliza, sasa atapumzika.

Chokaa haijakauka, akaketi kibandani kwangu, akaagiza chai, akatoa simu, akampigia Suseelan.

"Mheshimiwa, maji tumeyaona, Mungu akubariki," akasema. "Sasa njoo ukutani. Brashi ninayo. Kuna habari ya basi la kupanda kilimani."