Dada na Ba, Be, Bi za Nyuma ya Nyumba

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi, duka la baba pale Jinja liliporwa vitani, tukakimbilia Buwenge kwa bibi. Shida yangu ilianzia hapo. Sikusoma sana, na sioni haya kusema, maana wengi waliosoma wameajiriwa na mimi. Lakini wiki jana, hapa Mbale, nilinyamazishwa nyumbani kwangu.

Mjukuu wangu ana kompyuta yenye programu ya kumfunza kusoma. Inatamka silabi, mtoto anagusa herufi zake. Akikosea haimchapi, inamwambia tu ajaribu tena. Dada yangu mkubwa alikuwa ameniletea mkungu wa ndizi kutoka Busiu, akakaa kumtazama.

"Huyu mwalimu wenu anakula nini?"

"Umeme tu, dada."

"Eh! Yule wenu alikula unga wangu wote."

Umesikia, rafiki yangu? Nikarudi Buwenge palepale nilipoketi. Shule zilifungwa kwa vita, na jirani yetu mwalimu akawa anafundisha uani kwake. Alifagia mchanga akaandika kwa kijiti, na kuku walipopita juu ya herufi tulicheka mpaka tukachapwa. Kila wiki mtoto alimpelekea bakuli la unga wa muhogo. Bibi alichungulia mtungi wetu, akasema, "Bakuli ni moja. Mvulana ataenda." Na unga huo alitwanga nani? Dada. Kinu chake kilikuwa nyuma ya nyumba, ukuta tu umemtenga na ua wa mwalimu. Tulipoimba ba, be, bi, bo, bu, mchi wake ulishuka kwenye kila silabi. Mpaka leo nikinusa muhogo uliovundikwa na moshi wa kuni mbichi, naisikia sauti ile. Zilikuwa siku tamu, nisikudanganye. Kwangu mimi. Nilikula, nikaimba, nikaitwa msomi wa nyumba. Vita vilipotulia baba alinirudisha Jinja nijifunze biashara. Dada akaozwa, akahamia kwenye moshi wa jiko jingine.

Basi, kompyuta ikasema "ba". Kabla mtoto hajagusa kitu, dada akadakia, "Be, bi, bo, bu!" huku mkono unapiga paja kama anatwanga.

Mjukuu akapiga makofi. "Kumbe bibi anajua! Haya bibi, gusa ba. Iko wapi?"

Dada akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akapapasa, akapapasa tena. Kompyuta ikamwambia ajaribu.

"Mjukuu wangu, mimi hapa naona ukungu tu."

Sikujua. Miaka yote hiyo ananiletea ndizi, sikuwahi kumuuliza anaonaje njia.

"Kesho nakupeleka kwa daktari wa macho," nikasema haraka.

"Nipeleke, bwana mkubwa." Akacheka. "Lakini huyo daktari ana dawa ya mwaka ule wa sabini na tisa?"

Tulikwenda. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema tumechelewa.

Uani kwa mwalimu sasa pamejaa vibanda vya simu. Mwalimu alishazikwa, bibi pia. Watoto hawaimbi tena kwa pamoja. Kila mmoja na kioo chake.

Mimi leo nina duka la vifaa vya ujenzi, nyumba mbili, lori moja, ng'ombe wanne na hiyo kompyuta. Shamba la Busiu analolima dada, nalo ni langu.