Goti la Mama Mbele ya Hakimu

Gari lilimgonga mama pale Kerege, akivuka barabara na kikapu chake. Baada ya miezi kadhaa, ukimtazama ungesema amepona. Goti halikupona, na wakili wetu alitueleza mapema: mahakamani maumivu peke yake hayatoshi. Ili tupate fidia ya kumfanyia upasuaji, lazima ithibitike kwamba ameumia vibaya, kwamba kuna jambo alilokuwa akilifanya na sasa haliwezi tena.

Jambo lenyewe nililijua, maana mimi ndiye niliyempelekea kiti chumbani. Mama, aliyewafundisha sala nusu ya wanawake wa mtaa wetu hapa Bagamoyo, alikuwa hawezi kusujudu. Alisali kwa kukaa, mlango umefungwa, na mgeni akibisha hodi kiti kinarudishwa mezani haraka.

Siku ya kupimwa na daktari wa kampuni iliyokatia bima gari lile alivaa buibui jipya, akajifukiza udi utadhani anakwenda harusini. Daktari, kijana mwenye adabu zake, akamwamkia na kumuuliza hali. Mama akajibu kama tunavyojibu sote: hajambo kabisa, alhamdulillahi. Akaambiwa atembee; akatembea wima, meno kayauma. Anasali kama kawaida? Anasali. Daktari akaandika kuwa amepona. Nilikasirika.

"Mama, kwa nini hukumwambia?" nilimuuliza tulipofika nyumbani.

"Nikae na mwanamume nisiyemjua, nimsimulie nisivyoweza kuinama mbele ya Mola wangu?"

Nikabaki na hasira zangu. Nami nimelelewa hivyo hivyo: ukiulizwa hali, hujambo, hata kama roho iko kooni.

Kesi iliposikilizwa, majirani walikuja kumsindikiza. Wanafunzi wake wa zamani wakajaa mabenchi ya nyuma. Wakili wa bima akasimama na ripoti ya daktari mkononi, akamuuliza kwa upole kabisa: aliposema hajambo, alikuwa anamdanganya daktari? Nilijua kamnasa. Mama anaweza kuficha maumivu mpaka kaburini, lakini kuitwa mwongo baada ya kula kiapo, hilo halivumilii.

Mama akayatupia jicho mabenchi ya nyuma. Hakimu akamwomba ajibu.

"Sikudanganya, mheshimiwa. Nilikuwa namshukuru Mungu. Lakini tangu gari lile linigonge, paji langu halijagusa mswala. Nasali kwa kiti."

Hakimu aliinama akaandika. Wakili wetu akanigeukia, uso umemkunjuka, nami kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba goti la mama litatibiwa. Nilifurahi, sifichi. Mama akarudi kukaa kando yangu, akauvuta ushungi mpaka karibu na macho. Hakugeuka nyuma.

"Wamesikia?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia wamesikia.