Metrine na Sheria ya Kikombe Kimoja

Jamani, nimeisoma meseji ya kakake Metrine mara nne na kichwa bado kinakataa. Ameugua siku nne tu. Metrine wetu, aliyeongoza timu yetu ya kutengeneza programu pale Kitale, ametuacha.

Nimelia asubuhi yote. Sasa wacha niandike, maana yeye mwenyewe hakupenda sura za matanga.

Kwa wasiomjua: tulikuwa watano pamoja naye, chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Kila mara tulikuwa na release mbili, yaani programu mbili za kukamilisha na kumpa mteja, kwa mpigo. Moja ni programu ya kupokea maziwa ya wakulima wa Kitale, nyingine ya alama za mitihani kwa shule za Bungoma. Kila mteja alitaka yake kwanza, na bosi alimjibu kila mmoja "sawa".

Metrine akapigilia mbao mbili ukutani, zimejaa misumari. Moja akaiandika Kitale, nyingine Bungoma. Unatundika kikombe chako cha chai pale unapofanyia kazi wiki hiyo. Kikombe kikiwa Bungoma, mtu wa Kitale asikuguse.

Siku moja bosi akajaribu. "Metrine, si Barasa asaidie maziwa kidogo tu?"

"Mkubwa, kikombe cha Barasa kiko wapi?"

"Bungoma."

"Basi nimtoe huko, deadline ya Bungoma isonge mbele. Utawapigia simu wewe ama mimi?"

Bosi akakumbuka ana mgeni anamngoja chini. Haki tulicheka!

Barasa ndiye mimi. Na mimi ndiye niliyeleta kikombe cha pili kutoka nyumbani, nikatundika kimoja huku na kimoja kule. Metrine alikiangalia akasema, "Mshika mbili moja humponyoka, bana," akaendelea na kazi.

Ikaniponyoka kweli. Nilichanganya mafaili ya programu zote mbili, nikapeleka CD shule moja Bungoma bila kuijaribu. Mwalimu mkuu akaita walimu wote waone. Akafungua alama za Form Two. Kompyuta ikaandika: jumla ya asubuhi, lita kumi na mbili.

"Ati Form Two inatoa lita?" akauliza mwalimu wa hesabu. Staffroom nzima ikaanguka kwa kicheko, isipokuwa mwalimu mkuu na mimi.

Kesho yake bosi alitaka nifunge virago. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na wiki tatu.

Metrine akainuka. "Kazi ya Barasa naipanga mimi. Niliona vikombe viwili nikanyamaza. Kama kuna wa kufukuzwa, anza na mimi."

Hakuna aliyefukuzwa. Akanipeleka Bungoma mwenyewe na CD mpya, akamwambia mwalimu mkuu, "Mwalimu, zile lita tumewarudishia wenyewe." Mzee alicheka hadi akatuagizia chai na mandazi.

Sasa Metrine, kuna kitu sijawahi kukuambia. Ulidhani bosi ndiye aliyenilazimisha kubeba kazi zote mbili. Hapana. Nilimfuata mimi, kwa siri, nikamwahidi nitaziweza. Nilikitaka cheo chako. Siku ile ulinitetea, bosi aliificha siri hiyo kwa aibu, na mimi pia nikaificha. Miaka imepita nikila chapati ulizotuletea kila Ijumaa bila kukiri.

Leo bosi amenipa hicho cheo. Neno la pili kutoka kinywani mwake: je, timu inaweza kumaliza release zote mbili kabla ya mazishi?

Nimemwambia hapana. Nimempigia mteja wa Kitale, nikampigia na wa Bungoma, nikawaambia wote wawili wangoje hadi baada ya mazishi.

Jumamosi sisi wanne tunakuja kwenu Kimilili kukusindikiza.

Nisamehe, dada yangu. Lala salama, kazi itangoja hadi Jumatatu.