Mchezaji Wetu wa Jumamosi

Juzi mjukuu wangu aliingia uani amevaa fulana ya timu yake, mishono yote ikiwa nje. Nikadhani ameivaa gizani, kama ninavyofanya mimi siku hizi. "Hapana, koko," akaniambia, maana huku kwetu babu na bibi wote ni koko. "Tumepatana mashabiki wote. Tutavaa hivi mpaka warudi uwanjani."

Wachezaji wa timu ya mji wamegoma. Redio inasema hivyo asubuhi na jioni, na vijana wanatukanana kwenye simu mpaka betri zinakufa. Mjukuu wangu akaketi karibu nami, akaanza kuwahukumu: wavivu, walafi, watu wasio na mapenzi na mji wao. Nikacheka kidogo. Maneno yale niliyajua yote. Niliyasema mimi mwenyewe zamani, nikiwa na kimo cha mchi wa kutwangia, hapa hapa Kisangani, katika mtaa wa Tshopo.

Timu ya mtaa wetu nyakati zile, rafiki yangu, ilikuwa ya wachezaji wa kulipwa, walau kwa jina. Mshahara ulitakiwa kutoka kwa komite, na komite ilikuwa kivuli cha prezida wake, mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, mtu mnene mcheshi, mwenye baraza pana la saruji. Lakini si mshahara ulioifanya timu ile kuwa yetu. Kila mchezaji alikuwa na nyumba anayokula Jumamosi, siku ya kuamkia mchezo. Hakuna aliyepanga. Kijana alipoingia katika timu, mama mmoja alisema, "Huyu ni wangu," na kuanzia hapo alikuwa wake. Jirani yetu, muuza mikate, alimchukua golkipa, na alijuta wazi mbele za watu: "Huyu anadaka kila kitu, hata kile cha watoto!" Kwetu alikuja winga wa kushoto, kijana mwembamba aliyetoka Opala, asiye na ndugu mjini. Bibi yangu, aliyenilea, alimwita mwanangu. Mimi nilimwita tonton, yaani mjomba.

Jumamosi ilianza kwa sauti. Mchana ndizi zilichemka, na jua lilipoanza kulegea vinu vikaanza kulia, kwetu kwanza, kisha kwa muuza mikate, kisha ng'ambo ya barabara, parseli kwa parseli, ua kwa ua, mpaka mtaa mzima ukawa unadunda kama moyo mmoja. Ile ilikuwa lituma, ndizi zilizotwangwa mpaka zikawa laini kama udongo wa mfinyanzi, ambazo bibi alizifinyanga mviringo kwa kiganja kilicholoweshwa maji. Pembeni palikuwa na pondu, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, samaki wa kukaushwa kwa moshi, na pilipili iliyosagwa ikatengwa peke yake, kwa sababu tonton aliipenda ikiwa kali na sisi tuliiogopa. Hata mtu asiyejua ratiba, akisikia vinu vile alijua kwamba kesho kuna mchezo.

Kazi yangu ilikuwa maji. Nilishika kopo mkono mmoja na beseni mkono wa pili, nikamnawisha mgeni. Bibi alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko kwa masomo yangu. "Maji ya mikono ndiyo neno la kwanza la chakula," alisema. "Ukimnawisha mutu vibaya, hata nyama haitamwambia karibu." Basi nilimimina polepole, na tonton alisugua vidole kimoja kimoja akinisimulia jinsi atakavyompita beki wa kesho. Sikuwahi kuwa na cheo kikubwa kuliko kile.

Kisha wakagoma. Ilikuwa karibu na mchezo dhidi ya timu ya Lubunga, ng'ambo ya mto, mchezo tuliousubiri kuliko Noeli. Mashabiki wao huvuka kwa mitumbwi na ngoma zao, na mtoto aliyefungwa na Lubunga hapati amani shuleni mpaka msimu ujao. Wachezaji wetu walikaa nje ya uwanja, wakasema hawagusi mpira mpaka komite iwape mshahara wao. Jumapili ya kwanza hawakucheza, ya pili pia. Ikasemwa kwamba wasipotokea siku ya Lubunga, timu itafukuzwa katika mashindano. Wanaume walikaa kwenye viti vyao wakilaumu. Vijana walirusha maganda ya ndizi kwenye ukuta wa uwanja. Mwalimu wetu, ambaye hakuwahi kutaja mpira darasani, alivunja chaki mbili siku moja akiandika hesabu. Mimi nilikuwa na hasira ya mtoto, ambayo haina mlango wa kutokea.

Jumamosi iliyotangulia siku ya Lubunga tonton alikuja kula kama kawaida. Bibi alikuwa ametwanga; mgomo haukuwa umegusa kinu chake. Akaita, "Mutoto, mayi!" Nikaja na kopo. Tonton akanyoosha mikono. Nikamtazama usoni, nikamimina maji yote chini, kando ya miguu yake.

"Mutu asiyecheza, ananawa ya nini?" nikasema.

Bibi alisimama na mwiko mkononi, na najua ungefika mgongoni mwangu kama tonton asingesema.

"Mama, muache. Kila mutoto wa mtaa iko na hasira na mimi."

"Na mimi pia iko na hasira," bibi akasema, "lakini sikumwaga mayi. Ambia mimi basi. Mbona hamuchezi?"

Tonton akapangusa mikono mikavu kwenye suruali. Alisita, nikaona kwamba jambo lile alikuwa amelificha kwa heshima.

"Tulienda kwa prezida, mama. Alituambia hivi: nyinyi munakula kwa mama zenu kila Jumamosi, mushahara ya nini tena? Mushahara yenu iko ndani ya sufuria."

"Sufuria ya nani?"

"Ya kwako, mama. Ya mama wote."

Bibi aliketi. Aliitazama lituma yake, ile mviringo, ikifuka mvuke, kama mtu anayeona jina lake limeandikwa mahali asipopataka. "Mimi napikia mwanangu," akasema polepole. "Sipikii prezida."

Tonton aliinuka. "Leo sina njaa, mama," akasema. Ilikuwa uongo, niliyaona macho yake yakipita juu ya pilipili. Akaondoka bila kugusa chakula, na lituma ile tuliila sisi, na haikuniambia karibu.

Kesho yake, baada ya misa, bibi hakurudi nyumbani. Alipita parseli kwa parseli, na mama wakatoka, kila mmoja na sufuria tupu kichwani, imefunikwa kifudifudi, na kila mmoja akimshika mchezaji wake kifundo cha mkono kama mtoto anayepelekwa kwa muuguzi. Sisi watoto tukafuata. Hatukujua kama ni msiba au sherehe. Msafara ukasimama mbele ya baraza la saruji.

"Odi, papa prezida!" bibi akaita. "Tumeleta batoto."

Prezida akatoka na kijiti cha meno mdomoni. "Batoto gani, mama?"

"Ya kwako. Sisi tumewalisha. Leo iko zamu yako."

Akacheka, akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. "Mama, munanichezea."

"Hakuna mutu anacheza," bibi akajibu. "Si ndiyo maneno yenyewe?"

Watu barabarani wakalipuka. Muuza mikate akamsukuma golkipa mbele. "Anza na huyu, papa. Akimaliza, utaelewa mushahara iko nini!"

Aliyemaliza ubishi ni mke wa prezida. Alisikia yote kutoka jikoni, akatokea mlangoni akifunga kitambaa kichwani. "Bon, munangojea nini? Leteni kuni." Na mama wetu wakakataa kumsaidia hata kuchambua mchele. Walikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, sufuria zao zimefunikwa mbele yao, wakatazama. Timu nzima ilikula barazani. Prezida alisimama kando akiangalia gunia lake la mchele likishuka kama mto wakati wa kiangazi, na kila mara golkipa aliponyoosha sahani, kicheko kilipita barabarani kutoka mwisho mpaka mwisho. Mtu akapiga kelele, "Papa prezida, sufuria yako iko na shimo?" Mwishowe hata yeye akacheka kweli, akaketi katikati ya wachezaji, akaomba kijiko.

Hapo barazani wakaongea. Watoto hatukusikia masharti. Jioni habari zikatufikia: komite italipa mshahara, na wachezaji watakuwa na jiko lao karibu na uwanja, na mpishi wao, kila siku. Mchezo wa Lubunga, uliokuwa uchezwe siku ile ile, komite ikaomba uahirishwe siku chache, ukachezwa. Ngoma zilivuka mto, vumbi likapanda, nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Tonton alipiga mwamba. Tulifungwa bao moja. Mitumbwi yao iliporudi tulizisikia ngoma majini kwa muda mrefu, na mama wetu, ambao wiki nzima walikuwa washindi, walizisikiliza wakiwa wamekunja mikono.

Jumamosi iliyofuata nilichota maji mapema. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka kumimina polepole kuliko siku zote, na kusema neno. Bibi alitwanga. Kwa muuza mikate hakukuwa na sauti. Ng'ambo ya barabara pia. Tulingoja mpaka pondu likapoa. Ndipo muuza mikate akatokea kwenye ukuta akasema wachezaji wamekula kwao, jikoni kwao, na komite imesema sasa wale pamoja kama timu ya kweli. Bibi akatikisa kichwa, akacheka kwa pua. "Tulitaka hivyo," akasema. "Sasa imekuwa hivyo." Akanipa sahani ya tonton. Hakulalamika, wala baadaye sikumsikia akilalamika. Lakini kinu chetu kilianza kukaa Jumamosi bila kazi, na vingine vyote pia, na mtaa ukawa mtaa kama mitaa mingine.

Katika maisha yangu nimekosea mambo makubwa kuliko maji. Niliacha kazi nzuri bandarini kwa kiburi. Nilikaa miaka bila kusema na ndugu yangu wa tumbo moja. Hayo niliyaombea msamaha, na nilisamehewa. Maji yale sikupata nafasi. Msimu ulipokwisha tonton alipata timu nyingine, kule mto unakoelekea. Nilikimbia bandarini, boti ya kwenda Basoko ilikuwa imeshaachana na gati. Alikuwa amesimama kati ya mikungu ya ndizi na mbuzi wa watu. Aliponiona aliinua mikono yote miwili, akaisugua, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayenawa. Alikuwa anacheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananisamehe. Siku ambazo magoti hayaniumi, naamini ni yote mawili.

Nilimsimulia mjukuu wangu haya yote, na hakugeuza fulana yake. Sikumlazimisha, hasira ya shabiki ni aina ya upendo, na lazima imalize njia yake. Aliuliza tu: "Na hawa wa leo, koko, wanakula wapi?" Nikamwambia sijui. Zamani ningejua.

Jumamosi nikamwomba mkwe wangu lituma. Akacheka, akaniuliza kinu kiko wapi. Cha bibi kilipasuka zamani, siku hizi kuku wanataga ndani yake. Alizipondaponda ndizi ndani ya sufuria, kwa kitako cha chupa, zikawa nzuri, laini, ila hazikutoa sauti. Mtu barabarani asingejua kwamba kuna kitu kinapikwa.

Mjukuu wangu alileta kopo na beseni bila kuambiwa, maana hilo kwetu bado lipo. Akamimina polepole. Nikasugua vidole, kimoja kimoja, nikaiacha mikono yangu chini ya maji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.